Mama Kwanini na Dawa Iliyokataa Kufanya Kazi

Biryogo, mtaa wa Waislamu wa Kigali, hakuna aliyemwita Sauda Mukabalisa kwa jina lake isipokuwa mumewe na watu wa serikali. Wengine wote walimwita Mama Kwanini. Jina hilo lilianzia sokoni alipokuwa bado msichana. Alimuuliza muuza sambaza kwa nini dagaa wale hukaushwa juani na si kwa moshi kama samaki wengine, na alipojibiwa akauliza tena kwa nini, na tena, mpaka muuzaji akaishiwa majibu kabla ya kuishiwa samaki. Jina likamng'ang'ania. Alipoolewa halikuondoka, na alipozaa liliongezwa tu "Mama" mbele.

Babu yake alifika Rwanda kutoka Ujiji na misafara ya wafanyabiashara, akaoa Mnyarwanda, akafa akiwa ameacha nyumba moja ya matofali mabichi na Kiswahili midomoni mwa wajukuu. Sauda alikuwa fundi cherehani. Alishona kanzu, magauni ya harusi na sare za shule, na kibaraza chake hakikukosa watu, maana akiwa anapima mtu kiuno alikuwa pia anamdadisi: mkwe wako anatoka kilima gani, mbona viatu vyako vimelika upande mmoja, huyo mtoto anakohoa tangu lini. Watu walilalamika kwamba ukienda kwa Mama Kwanini kupimwa suruali unarudi umepimwa ukoo mzima. Lakini walirudi.

Kisukari kilimshika akiwa kijana, baada ya uzazi wake wa pili. Kilianza kwa kiu. Alikuwa akimaliza mtungi mzima kwa siku na bado ulimi unamkauka kama kipande cha ngozi. Akakonda mpaka vipimo vyake mwenyewe vikamshangaza. Mumewe, Issa Habumugisha, dereva wa malori ya masafa marefu, ndiye aliyempeleka kwenye zahanati ya masista pale mteremkoni, na huko alikutana na Sista Godelieva, Mbelgiji mfupi aliyetembea kama mtu anayechelewa gari.

Sauda alimpenda siku ile ile, kwa sababu alijibu.

"Kwa nini sindano, sista? Kwa nini isiwe kidonge?"

"Kwa sababu dawa hii, ukiimeza, tumbo lako litaila kama nyama. Haitafika inakotakiwa."

"Na kwa nini niangalie miguu yangu, wakati ugonjwa uko kwenye damu?"

"Keti, nitakwambia."

Na kweli alimwambia. Kila mwezi wagonjwa wa kisukari walikuwa na asubuhi yao. Walikaa kwenye benchi refu lenye mgongo, wakapimwa uzito na mkojo, wakavua viatu. Sista alipiga magoti mbele yao, mzee au mtoto, akawatazama katikati ya vidole. Halafu walikwenda dirishani kwa Athanasie, mtunza dawa.

Athanasie alikuwa mwanamke mwembamba, mkimya, wa kusema maneno mawili panapotakiwa matatu. Alitoa kichupa cha insulini kwenye friji, akakiviringisha taratibu katikati ya viganja, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha na kukitazama, ndipo akakukabidhi. Siku moja Sauda alimuuliza anatafuta nini humo ndani.

"Natazama kama maziwa yake yamelala sawa," alisema Athanasie.

Dawa ile kweli ilifanana na maziwa yaliyochanganywa na maji mengi. Sauda aliipeleka nyumbani, akaiweka ndani ya chungu kilichowekwa kwenye beseni la maji, kama alivyofundishwa, na kila asubuhi alichemsha bomba lake la sindano la kioo na kujidunga pajani. Akanenepa, akazaa tena, akashona. Miaka ikapita hivyo, na mtu asiyemjua hangejua kwamba ni mgonjwa.

Oktoba ya mwaka 1990 vita viliingia kutoka mpaka wa kaskazini. Wazungu wengi walibebwa kwenda uwanja wa ndege, na Sista Godelieva akawa mmoja wao. Hakupata hata nafasi ya kuaga. Siku hizo hizo watu wengi wa Kigali walikamatwa wakiambiwa ni vibaraka wa adui, wakarundikwa katika uwanja wa mpira wa Nyamirambo, jua likiwachoma na maji hamna. Athanasie alikuwa humo. Alipoachiwa, baada ya miezi, alikwenda zahanati akiwa amevaa sare yake iliyopigwa pasi, akaambiwa nafasi yake imeshapata mtu.

Haikuwa imepata mtu. Sauda alilijua hilo, kwa sababu kwenye dirisha la dawa sasa alikaa Kabagwira, muuguzi yule yule aliyekuwa akifunga vidonda na kuzalisha wajawazito, na bado vidonda alifunga na wajawazito alizalisha.

Zahanati haikufa siku moja. Iliyeyuka kidogo kidogo, kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji. Kwanza mizani iliharibika, ikasukumwa pembeni, na kuku wa mlinzi wakaifanya kiota. Kisha dawa ya kupimia mkojo ikaisha. Benchi lenye mgongo lilichukuliwa na ofisi fulani kwa mkutano fulani, halikurudi, na wagonjwa wakakaa juu ya matofali. Hakuna tena aliyewaambia wavue viatu. Daktari alikuja mara moja moja, kijana mwenye macho mekundu ya usingizi, kwa sababu hospitali kubwa zilijaa majeruhi wa vita na madaktari walikuwa wakigawanywa kama mkate wa msibani. Asubuhi ya kisukari ikawa ni kusimama dirishani, kutaja jina na kusukumiwa kichupa.

Sauda hakulalamika sana mwanzoni. Alisema vita ni vita. Lakini katikati ya mwaka 1992 kiu ilirudi.

Aliitambua mara moja, kama mtu anavyotambua hatua za mgeni asiyempenda. Akajihoji mwenyewe kabla ya kumhoji mtu. Aliacha chai ya maziwa, akaacha ndizi mbivu, akaacha mandazi ambayo hata hivyo alikuwa akila nusu tu. Kiu haikupungua. Na kwa kuwa zahanati haikuwa na kipimo tena, alijitafutia chake: alimwaga mkojo wake kidogo juu ya jiwe nyuma ya nyumba, akavuta kigoda, akakaa kusubiri. Sisimizi walikuja. Walikuja kwa msururu, wakilizunguka jiwe kama watu waliosikia kuna karamu.

"Unafanya nini huko?" aliuliza Issa, aliyekuwa amerudi kutoka safarini asubuhi ile.

"Naongea na sisimizi. Wanasema nina sukari."

Issa hakucheka. Alimtazama mkewe shingoni, mahali mifupa ilipoanza kujitokeza.

Mwezi huo Sauda alingoja siku ya daktari. Alimweleza yote, kiu, kukonda, mandazi aliyoacha. Daktari aliandika bila kuinua macho.

"Unakula vitamu, mama."

"Kwa nini unasema hivyo, dokta? Hujanipima."

"Nguo zako zinanukia mdalasini. Ninyi watu wa Biryogo na chai zenu."

"Mdalasini si sukari."

"Ongeza kidogo kipimo cha dawa, uache vitamu. Anayefuata."

Alitoka nje uso ukimwaka. Hakuzoea kuitwa mwongo, na zaidi ya hapo hakuzoea kupewa jibu ambalo halikujibu kitu. Alikaa juu ya matofali karibu na Mzee Salvator, mwalimu mstaafu wa Kicukiro, rafiki yake wa benchi tangu enzi za masista. Zamani Salvator alikuwa akiwachekesha wote kwa kusahihisha Kifaransa cha mabango ya ukutani. Siku hiyo hakuinua hata macho kuyatazama. Kiatu kimoja alikuwa amekivaa bila kukifunga.

"Na wewe amekwambia unakula vitamu?" aliuliza Sauda.

"Ameniambia nakunywa bia," alisema Salvator. "Dada yangu, nimeacha bia kabla huyu mtoto hajazaliwa."

"Na kiu?"

"Kiu ipo. Na huu mguu. Nilijikwaa kidogo tu, kidonda hakitaki kufunga."

"Umemwonyesha?"

"Hakuniuliza."

Sauda alimtazama, akatazama wengine waliokaa kwenye matofali: mama mmoja wa Kibagabaga aliyekuwa akinywa maji kwenye dumu, binti mmoja aliyeegemea ukuta amefumba macho. Akaanza kuwauliza mmoja mmoja kwa ile desturi yake ya kibarazani. Wote walikuwa na kiu. Wote walikuwa wameambiwa ni kosa lao. Ndipo swali likamkaa kichwani na likakataa kutoka: watu wote hawa wameanza kula vitamu kwa pamoja, mwezi mmoja, kana kwamba wamealikana?

Alipofika nyumbani alitoa kichupa kipya kwenye mkoba, akakiviringisha katikati ya viganja, akakiinua kwenye mwanga wa mlango. Maziwa hayakuwa yamelala sawa. Yalikuwa na vipande vyeupe vinavyoelea, na vingine viling'ang'ania kioo kama ukoga, mithili ya maziwa yaliyokatika. Alitikisa. Vipande vilizunguka, vikatua tena.

Kesho yake alirudi mteremkoni. Kabagwira alikuwa dirishani, kitambaa cha kichwa kimelegea, nyuma yake mjamzito akigumia.

"Muganga, hebu tazama hii dawa."

"Iko dawa ile ile, mama."

"Ina vipande."

"Mama, ndiyo iliyopo. Hutaki, iache, iko wengine wanaitaka." Akafunga dirisha, kisha akalifungua tena kidogo. "Samahani. Niko peke yangu," alisema, na safari hii akalifunga kabisa.

Jioni Issa alisikiliza kisa chote akiwa anakula. Alikuwa mtu wa barabara, aliyeona vizuizi vingi na kujifunza kutoa vitambulisho bila kuulizwa mara mbili.

"Sauda, siku hizi si siku za kuuliza. Ukiuliza dawa imeharibikaje, mtu atauliza nani kakutuma kuuliza."

"Sijatumwa. Nina kiu."

"Najua una kiu. Safari hii napita Rusumo, naingia Tanzania. Nitakutafutia dawa huko."

"Utaniletea mimi. Na Mzee Salvator? Na yule binti?"

Issa alisukuma sahani pembeni. Aliosha mikono, na baadaye kidogo akasema kama anayesema na ukuta, "Yule Athanasie nasikia yuko Kabeza. Ana duka."

Kabeza ni mtaa ulio karibu na barabara ya uwanja wa ndege, na duka la Athanasie lilikuwa chumba kimoja chenye kaunta ya mbao: chumvi, viberiti, betri, sabuni za vipande. Alikuwa amekonda zaidi, na nywele zilikuwa na mvi ambazo Sauda hakuzikumbuka. Walisalimiana kwa mikono miwili, wakaulizana watoto. Halafu Sauda akatoa kichupa kwenye mkoba.

Mikono ya Athanasie ilitangulia kabla ya maneno. Ilikichukua, ikakiviringisha, ikakiinua kwenye mwanga. Uso wake ukabadilika.

"Nani alikupa hii?"

"Dirisha lako."

Kabla hajasema zaidi, mwanajeshi aliingia kununua sigara. Kambi ya Kanombe haikuwa mbali, na wanajeshi walikuwa wateja wake wakubwa. Athanasie alifumba kiganja juu ya kichupa na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi huyo bibi harusi nimshonee mikono mirefu au mifupi?"

"Mirefu," alisema Sauda, fundi wa miaka mingi, akimpa ushauri wa kushona mtu asiyejua kutunga uzi. "Siku hizi wanapenda mirefu."

Mwanajeshi alilipa, akawasha sigara mlangoni, akaondoka. Athanasie alifungua kiganja.

"Mama, iko mambo mawili yanayoweza kuifanya hivi," alisema Athanasie, akishusha sauti. "Joto kali sana, ama barafu. Dawa hii haitaki kuganda. Ikiganda mara moja tu, ikayeyuka, imekwisha. Ukijidunga ni kama kujidunga maji."

"Ni lipi kati ya hayo?"

"Siwezi kujua nikiwa hapa. Mimi nilikuwa na friji mbili. Moja ya chanjo, moja ya dawa zangu. Sikuchanganya hata siku moja."

"Kwa nini usiende ukawaambie?"

Athanasie alikirudisha kichupa mkononi mwa Sauda na kukifunika kwa vidole vya Sauda mwenyewe. "Nilikwenda mara moja kudai kazi yangu. Mkubwa mmoja aliniuliza kama uwanjani sikufundishwa vya kutosha. Siendi tena." Kisha, Sauda alipokuwa tayari mlangoni, akaongeza: "Usiwaulize imeharibikaje. Waulize inalala wapi."

Sauda alirudi na swali hilo kama mtu aliyebeba yai. Aliligeuza kichwani siku kadhaa, akitafuta pa kuliingizia. Kwa kupitia dirishani asingefika kokote. Lakini macho yake ya ufundi yalikuwa yamekwisha kuona kitu: mashuka ya chumba cha kuzalishia, yaliyoanikwa uani, yalikuwa yamechanika mpaka yamekuwa matambara. Asubuhi moja alimkuta Kabagwira akiyaanua.

"Binti yangu, hayo yanashoneka. Nipe niyaunge, mawili yatoe moja zima."

Kabagwira alimtazama kwa mashaka. "Sina cha kukulipa."

"Sikuomba malipo. Nataka kuingia ndani nione ni mangapi."

Aliyashona kwa siku mbili, akayarudisha yamekunjwa na kunukia jua. Kabagwira alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akapitisha kidole juu ya mishono. Alikuwa msichana tu, Sauda aliona sasa, chini ya ule ukali.

"Mama, siku ile nilikujibu vibaya."

"Ulikuwa umechoka. Niambie kitu kimoja tu. Insulini yetu inalala wapi?"

"Kwenye friji."

"Friji ipi?"

"Iko moja tu sasa. Ile nyingine ilikufa mwaka jana, umeme ulipokuwa unakatika na kurudi."

"Nionyeshe."

Pengine kama angeulizwa na mkaguzi angekataa. Alinyanyuka, akafungua chumba cha nyuma. Friji ilikuwa ya zamani, yenye mlango uliofungwa kwa mpira wa baiskeli. Ndani ilikuwa nyeupe. Barafu ilikuwa imetambaa kuta zote kama chokaa, na katikati yake zilipangwa pakiti bapa za maji yaliyoganda kuwa mawe, moja juu ya nyingine. Chini ya pakiti hizo, zimebanwa kwenye ukuta wa barafu, zilikuwamo boksi ndogo za insulini.

Kabagwira aliingiza mkono, akavuta boksi moja. Karatasi ilichanika na kubaki imeng'ang'ania. Akatoa kichupa. Kilikuwa kigumu. Alikipindua na maziwa yake hayakusogea.

Kwa muda alisimama tu hapo, mlango uko wazi, baridi ikimwagikia miguu yake.

"Shuleni walitufundisha," alisema hatimaye. "Isigande. Nililiandika, nikalikariri. Lakini friji hii si mimi ninayeifungua. Watu wa chanjo wanakuja alfajiri, wanachukua barafu zao, wanaweka nyingine, wanaondoka. Wao ndio wananitolea vichupa asubuhi ya wagonjwa, vinakaa mezani mpaka dirisha lifunguliwe. Mimi navipokea vimeshayeyuka."

"Barafu zote hizi za nini?"

"Za kambi. Kule kwa waliokimbia vita, kaskazini. Surua inamaliza watoto. Chanjo isipokwenda na barafu inaharibika njiani, basi wamegeuza swichi ya baridi mpaka mwisho ili itoe barafu nyingi."

Sauda alitazama zile pakiti. Njia nzima alikuwa amejiandaa kukutana na mwizi. Alikuwa hata amemtengenezea sura, mnene, mwenye saa ya dhahabu, anayeuza dawa njema nje na kuwapa wao mabaki. Badala yake alikuwa ameonyeshwa barafu ya watoto wa wenzake. Hasira yake ikakosa mahali pa kutua, lakini haikuondoka. Ilibaki ikizunguka ndani yake kama vile vipande ndani ya kichupa.

"Mimi ndiye niliyewapa kwa mkono wangu," alisema Kabagwira. "Miezi yote hiyo."

"Ndiyo," alisema Sauda, kwa kuwa hakuona faida ya kumdanganya. "Sasa tufanyeje?"

Walitoa boksi zote. Kabagwira alivaa sweta lake, akafunga dirisha la dawa mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaenda mwenyewe ghala kuu la dawa kuomba nyingine. Alizungushwa ofisi hadi ofisi. Aliambiwa shehena iko njiani, aliambiwa arudi, aliambiwa ni nani aliyempa ruhusa ya kutupa dawa ya serikali. Alirudi tena na tena, na safari ya mwisho alikataa kutoka nje mpaka akapewa boksi chache. Wakati huo Issa naye alikuwa amerudi kutoka Tanzania na vichupa vilivyofungwa ndani ya chupa ya chai pamoja na maji ya baridi. Sauda alijidunga kimoja, na baada ya siku chache alimwaga tena mkojo juu ya lile jiwe na kuvuta kigoda. Sisimizi wawili watatu walipita, wakalinusa, wakaendelea na safari zao.

Alichukua vichupa vilivyobaki akavigawa: kimoja kwa yule binti wa ukutani, kimoja kwa mama wa Kibagabaga. Cha Mzee Salvator alikibeba mwenyewe mpaka Kicukiro, akakuta nyumba imefungwa. Jirani akamwambia mzee amepelekwa hospitali kubwa.

Alimkuta amelala kitanda kimoja na mgonjwa mwingine, wamelazwa mzungu wa nne, kichwa huku na miguu kule. Blanketi upande wa Salvator lilishuka ghafla chini ya goti. Sauda aliona, na mzee aliona kwamba ameona.

"Karibu, dada. Kaa hapo, nafasi imeongezeka."

Alikaa. Akamweleza kila kitu, taratibu, tangu vipande vyeupe mpaka friji. Salvator alisikiliza macho yakiwa darini, kama alivyokuwa akiwasikiliza wanafunzi wakisoma kwa sauti.

"Kwa hiyo si bia," alisema.

"Si bia."

"Mke wangu aliamini ni bia. Alinuna mwezi mzima." Alivuta blanketi kifuani. "Na yule aliyebana dawa chini ya barafu, alijua?"

"Hapana. Alikuwa anafikiria surua."

"Na muuguzi?"

"Alijua kanuni. Hakujua friji."

"Na yule aliyejua friji?"

"Anauza sabuni Kabeza."

Salvator aligeuza kichwa akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Nimefundisha hesabu miaka mingi," alisema. "Mtoto akikosea jibu, unarudi nyuma mstari kwa mstari mpaka uone lilipopinda. Hapa umerudi nyuma mpaka wapi?"

"Mpaka uwanjani Nyamirambo," alisema Sauda kwa sauti ndogo.

"Basi ishia hapo, humu ndani kuna masikio." Akamshika mkono. "Lakini ahsante kwa kuniambia. Nilikuwa nalala hapa najitukana."

Sauda hakuishia hapo. Alivaa buibui lake jema akaenda ofisi ya wilaya, akamuuliza ofisa mmoja kwa adabu kwa nini mtunza dawa aliyesomea kazi yake asirudishwe kazini, wakati nafasi iko wazi na watu wanakatwa miguu. Ofisa alimuuliza anakaa wapi, mumewe anafanya kazi gani, lori lake ni la nani. Alipomaliza kuuliza alimwambia, "Nenda nyumbani, mama." Sauda alikwenda nyumbani. Wiki nzima Issa hakulala vizuri, na kila gari lililopunguza mwendo karibu na nyumba lilimfanya aache kutafuna.

Athanasie hakurudishwa. Ila Kabagwira alianza kwenda Kabeza siku zake za kupumzika, kununua sabuni, alisema, ingawa hakuna mtu anayehitaji sabuni nyingi namna ile. Baada ya ziara hizo dirisha lilibadilika. Kabagwira sasa alikiviringisha kichupa, akakiinua kwenye mwanga, kisha akampa mgonjwa naye akiinue. Foleni ikawa ndefu zaidi na wengine walinung'unika. Mizani haikurudi, wala benchi. Daktari kijana alihamishiwa kwingine na Sauda hakupata kumwambia habari ya mdalasini, jambo lililomuuma kuliko alivyotaka kukiri. Salvator alirudi kwa magongo, akakaa juu ya matofali, na siku ya kwanza alisahihisha Kifaransa cha tangazo jipya la chanjo, lakini alichoka katikati akaacha.

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata shirika moja la misaada lilileta friji nyingine, ndogo, kwa ajili ya dawa peke yake. Haikuhitaji umeme. Kabagwira alimwita Sauda aje aione, kwa fahari kidogo, akainama na kumwonyesha chini yake: tangi la mafuta ya taa na utambi, na kwenye utambi ule mwali mdogo wa samawati ukiwaka bila kutikisika.

Sauda alipiga magoti juu ya sakafu. Aliweka kiganja karibu na mwali, akausikia ukiunguza. Akafungua mlango wa juu, akaingiza mkono huo huo, akausikia ukipoa. Akarudia, chini na juu.

"Binti yangu," alisema, "moto unawezaje kuzaa baridi?"

Kabagwira alifikiri. "Sijui, mama."

"Hukuuliza walipoileta?"

"Sikuuliza."

Sauda alikunja buibui lake chini ya magoti, akajiweka sawa sakafuni, akaendelea kuutazama ule mwali.